Mlango Mwekundu wa Mama Aikande

Simu ya Aikande ilinikuta Elerai, niko juu ya jukwaa la mafundi kwenye jengo la ghorofa tatu, nawaonyesha vijana wangu jinsi kona ya ukuta inavyopakwa. Sikuwa na sababu ya kuwa huko juu. Nina mafundi kumi na wanne, nina magari mawili ya kubebea vifaa, na mtu wa Arusha hii akitaka rangi isiyobanduka anamtafuta Lazaro, hatafuti mwingine. Lakini mguu wangu haujui kukaa chini. Nikapokea, sauti ya mwanamke ikasema, "Laza, bado unapaka milango?" Wanaoniita Laza siku hizi hawafiki watano. Waliobaki wote huniita Bosi, au Mzee, au Fundi Mkuu. Nikashika bomba la jukwaa. "Mama Neema," nikasema, "mimi sasa napaka maghorofa." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Maghorofa yako nayasikia. Mimi nakuuliza milango." Akanieleza kwamba binti yake Neema amepata mchumba, washenga wanakuja Jumamosi, na watapokelewa pale pale Kaloleni kwa bibi yake. Mlango wa mbele umechakaa. "Njoo uupake wewe," akasema, "maana wewe ndiye unayeujua."

Nilishuka nikakaa juu ya ndoo ya rangi, vijana wakadhani kizunguzungu kimenipata. Habari ya ule mlango nimeisimulia labda mara mia. Nimeisimulia harusini, kwenye vikao, hata kanisani siku niliyopewa dakika tano nishuhudie jinsi Mungu alivyoninyanyua. Watu hucheka mpaka wanafuta machozi. Ila kuna kipande nilikuwa nakiruka kila mara, na nilikijua kama ulimi unavyolijua jino bovu. Mchana nilimwambia mke wangu kwamba nitatuma vijana wawili, kazi yenyewe ni ya nusu siku. Akaweka mwiko chini. "Kwa mama aliyekulisha mwaka mzima utume vijana? Utaenda mwenyewe, tena na suruali ya kazi." Mke wangu akisema hivyo mimi hubishana na ukuta.

Habari za ukoo wetu siziweki hapa. Wazee wetu wa Meru wanajulikana, kahawa yao inajulikana, na aliyetaka kuwaandika awaandike. Mimi naandika mwaka mmoja tu, mwaka nilioteremka mlimani nikiwa na miaka ishirini, darasa la saba kichwani, na lile darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Ulikuwa mwaka ambao maduka ya Arusha yalianza kubadilika sura. Kampuni za simu zilikuwa zinashindana, kila moja na rangi yake, na kila mwenye duka aliyekubali alipakiwa duka lake bure, ukuta wote mpaka mlangoni. Unalala mtaa una maduka ya chokaa, unaamka ni mekundu. Fundi Saimoni, mzee mmoja mfupi mwenye kikohozi, ndiye aliyekuwa na kazi ya kampuni ya nyekundu, naye alinichukua nimsaidie kwa sababu, alisema, nilikuwa mrefu na ngazi yake ilikuwa fupi. Kila nilichonacho leo kimeanzia kwenye urefu huo. Nilishika kazi kwa siku tisa. Siku ya kumi alikuwa ananiachia ukuta mzima peke yangu na kwenda kunywa chai. Hajawahi kutokea msaidizi wa namna hiyo, na Saimoni mwenyewe alilisema hilo mpaka anakufa.

Nilipanga chumba Kaloleni, kwa Mama Aikande, Mlutheri wa Machame aliyekuwa mjane na aliyeishi kwa kuuza mapazia ya mtumba na kodi ya vyumba vinne. Nyumba ilikuwa karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba timu ya nyumbani ikifunga goli sahani za kabatini zinalia. Chumba changu kilipakana na sebule yake. Ukuta wa katikati haukufika kwenye bati, na dari haikuwepo, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kilipanda juu, kikapumzika kwenye mbao za paa, kisha kikashuka kitandani kwangu. Nilijua bei ya mapazia kabla ya wateja. Nilijua nani kanisani amegombana na nani wa kwaya. Nilijua sauti ya Aikande akifunga daftari, akivua viatu, akimwambia mama yake, "Mama, leo miguu si yangu." Alikuwa amenizidi mwaka mmoja, anafanya kazi duka la vitambaa, na alikuwa na kile kicheko cha puani ambacho ukikisikia hujui kama amekufurahia au amekudharau, unabaki unafanya hesabu siku nzima.

Nilikula kwao kuanzia mwezi wa pili. Ilianza hivi: Mama Aikande aliniona uani nimekaa juu ya kopo, nala mkate mkavu na parachichi, akasimama ameshika kiuno. "We mtoto wa Meru, mama yako akipita hapa atasema nini? Atasema Wachaga wamekuua." Toka siku hiyo nikawa na sahani. Katikati ya wiki ilikuwa kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe. Jumapili baada ya ibada ilikuwa machalari, ndizi na nyama yenye mifupa, na mfupa wenye uboho ulikuwa wangu bila mjadala, "kwa sababu," alisema Mama, "huyu anapanda ngazi." Mimi nikileta maziwa ya mgando kutoka nyumbani, anachemsha mahindi na ndizi, tunapata loshoro, na Aikande anasema chakula cha Wameru kinafanana na uji uliokata tamaa, halafu anaongeza bakuli la pili. Chai ya asubuhi ilichemshwa kwenye jiko la mafuta ya taa koridoni, na mafuta yenyewe yalikaa kwenye kidumu cha njano nyuma ya mlango. Kumbuka kidumu hicho.

Nilimpenda Aikande. Naliandika hivyo lilivyo, nimeshakuwa mtu mzima. Sikumwambia. Nilidhani haina haja ya kuambiwa, maana nani mwingine alikuwa anamtengenezea kamba ya kuanikia nguo, nani alimpakia rangi sanduku lake la chuma bila kuombwa? Nilidhani mambo yanajipanga yenyewe kama rangi inavyojinyoosha ukutani ukiipa muda. Kisha mwezi wa sita mwishoni, tukiwa mezani, Mama akasema, "Laza mwanangu, tuna wageni Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka ule mlango wa mbele usinitie aibu." Ulikuwa wa bluu iliyofifia, bluu ya madawati ya shule, umepasuka chini kwa mvua. Nikauliza wageni gani. Mama akamtazama Aikande, Aikande akatazama sahani. "Washenga," Mama akasema. "Kuna kijana wa Kibosho, Venance. Mkatoliki, lakini tutafanyaje, Mungu ni mmoja." Mfupa wa uboho ulikuwa mkononi mwangu. Nikaurudisha kwenye sahani taratibu, nikasema, "Mama, nitaupaka mlango mpaka wageni waogope kuugusa."

Rangi nilipewa na Saimoni, nusu kopo la nyekundu lililobaki kwenye duka la mwisho. Aliniuliza ni ya nini, nikamweleza, akaniambia kanuni yake kwa kunionyesha kidole. "Kipindi hiki cha baridi, rangi ya mafuta changanya na petroli kidogo, itakauka. Ukikosa petroli, thina. Mafuta ya taa usithubutu. Ukiyatia mafuta ya taa na ukungu huu, mlango utabaki unanata kama ugali mbichi mpaka watu wakuchukie." Mlima Meru ulikuwa haujaonekana kwa siku kadhaa, ukungu umelala hadi mabati ya Kaloleni, nguo zinaanikwa leo zinaanuliwa keshokutwa. Nikasema nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa. Naomba hilo lishikwe vizuri.

Jumatano nilipiga msasa, nikaziba nyufa, nikapaka mkono wa kwanza kwa petroli kama nilivyofundishwa. Jamani, ule mlango uling'aa! Katika mtaa wote wa kuta za vumbi ulikuwa kama ulimi. Alhamisi asubuhi, kabla Mama hajamaliza kufunga kanga, hodi. Mwanamke mmoja amenyoosha noti, "Nipe vocha." Mama akamwambia hapa si dukani. Dakika kumi, hodi nyingine, mwalimu mzima wa sekondari anataka vocha. Maana nyekundu ile ilikuwa ni ya kampuni, na kila mlango wa nyekundu ile mjini ulikuwa unauza vocha za kukwangua. Kufika mchana walikuwa wamepita kumi na kitu. Mama akanifuata kazini kwa miguu, amevaa ndala, akanikuta juu ya ngazi. "Wewe! Umenifungulia duka bila leseni!" Saimoni alicheka mpaka kikohozi kikamlaza chini. Na Aikande jioni, mtu wa mwisho alipobisha hodi, alitoa kichwa akasema kwa adabu kabisa, "Vocha zimeisha, shemeji, jaribu kesho." Hiki ndicho kipande ambacho watu hukicheka. Mimi pia hukicheka.

Jioni ile ile nilikuwa chumbani kwangu nasafisha brashi. Sebuleni walikuwa wanachambua mchele wa Jumamosi, nikisikia mchele unavyoruka kwenye ungo. Mama akauliza, sauti ya chini, "Na Laza je? Nilidhani kuna kitu." Ungo ukasimama. Mimi nami nikasimama, brashi inachuruzika. Aikande akacheka puani. "Laza? Mama! Laza ni wa nyumbani. Huyo ananuka tapentaini mpaka kwenye chai." Mama akasema, "Usimcheke, ni mtoto mzuri." "Sijamcheka, nasema ni wa nyumbani." Ungo ukaendelea. Maneno yenyewe hayakuwa mabaya. Nimeyapima tangu wakati huo kwa miaka yote hii, na kila nikiyapima nayaona hayana ubaya. Lakini yalipanda yakagonga bati, yakanishukia kama maji ya barafu, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona mtu mkubwa kuliko nyumba.

Sasa kile kipande. Ijumaa asubuhi nilitakiwa kupaka mkono wa pili. Petroli yangu ilikuwepo, kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda. Nilipita koridoni nikachukua kile kidumu cha njano cha jiko. Nikamimina kwenye kopo la rangi, nikaendelea kumimina. Nikakoroga. Nikapaka mlango mzima taratibu, mnene, vizuri kuliko nilivyowahi kupaka kitu chochote. Mama alipotaka kuchemsha chai jiko likafa. "Mafuta yamekwenda wapi?" Nikamwambia jiko linavuja. Na Jumamosi asubuhi, amevaa kitenge kipya na kilemba, aliniuliza, "Laza, mlango umekauka?" Nikamjibu, "Mama, hata mtoto anaweza kulala juu yake." Haya ndiyo maneno niliyosema. Sikukosea kipimo, kama nilivyowasimulia watu siku zote. Nilitaka siku ile iharibike. Hata sikujua iharibike vipi, au mimi nitapata nini. Nilitaka tu.

Washenga walifika saa nne, watu sita na galoni mbili za mbege, pombe ya ndizi. Mlango ulifungwa, kama desturi ilivyo, akina mama wakawa ndani wanawauliza maswali kupitia dirishani: nyie ni nani, mmepotea njia? Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa wa Venance, mzee mnene, amevaa koti la rangi ya maziwa ambalo lilionekana lilikaa sandukuni linasubiri siku kama hiyo. "Tumekuja kuulizia ndama wetu," akasema, "tumeambiwa ameonekana kwenye nyumba hii." "Ndama wenu ana alama gani?" shangazi akajibu, vicheko, na mchezo huo ukaenda, ukaenda, mzee miguu ikachoka. Akaegemea mlango, kiganja na bega. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya ngazi za mbele, naona. Ningeweza kusema "Mzee, samahani." Ni maneno mawili.

Alipojiondoa mkono ulitoa sauti, kama plasta inavyobanduliwa. Akautazama, akashtuka, akajipangusa kifuani bila kufikiri. Basi kwenye lile koti la maziwa kukatokea mkono mzima, vidole vitano, nyekundu. Mwanamke mmoja wa upande wao akapiga kelele, "Damu!" Haikuwa damu na kila mtu alijua haikuwa damu, lakini neno likishatoka limetoka. Mlango ukafunguliwa, Mama kasimama kizingitini, mkono mdomoni. Mzee akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliotisha, "Mama, sisi hatukuja kwa ugomvi. Lakini mlango wa nyumba hii umetukataa." Nyuma yake mtu akanong'ona kwa makusudi asikike, "Nilisema mimi, hawa Walutheri." Wakaanza kuinua galoni zao. Na hapo ndipo jamaa mmoja, hajui hili wala lile, akapita katikati yao akanyoosha noti, "Jamani, vocha ipo?" Ninapoisimulia kwenye harusi, hapo ndipo ukumbi unapoanguka kwa kicheko. Siku ile hakucheka mtu hata mmoja.

Aikande alitoka. Alikuwa amesukwa, amevaa gauni la kijani, na hakumtazama mzee wala mama yake. Alikwenda mlangoni, akagusa kwa kidole kimoja, akabaki anakitazama kidole chake. Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayesoma barua. Nikajua kwamba huyu hata hanifikirii mimi, anafikiri amekataliwa na kitu kikubwa, na mimi ndiye niliyemwandikia barua hiyo. Nikakimbia. Nilikimbia mpaka kwa bibi mmoja karibu na mto ambaye fensi yake ilikuwa ya masale, yale majani marefu ya kijani ambayo Mchaga na Mmeru wote wanayajua: ukimkosea mtu ukampelekea jani la isale lililofungwa fundo, lazima akusikilize, hata kama umemuua ndugu yake. Nilinyofoa jani moja, nikalifunga fundo huku narudi mbio. Walikuwa wameshafika barabarani. Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya lile koti, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

Wakasimama wote, hata mwenye galoni. Mzee akanitazama. "Wewe nani?" "Ni fundi, mzee. Mlango ni mimi nimeupaka. Nyumba haina kosa." "Nani alikufundisha jani hili?" "Bibi yangu, Meru." "Na kosa lako ni lipi? Jani haliendi bila kosa kutajwa." Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Nikasema, "Nilikosea kuchanganya rangi." Mzee akalichukua jani, akaligeuza. "Umelichuma kwa pupa," akasema, "halina hata kikonyo. Jani kama hili hata ukilipanda halishiki. Lakini isale ni isale." Akawageukia wenzake. "Mwenye kosa kajitaja. Mlango hauna neno na sisi." Nikachukua kitambaa na tapentaini nikamsafisha kiganja chake, mkono wake mzito ndani ya mkono wangu, kidole kimoja kimoja, na Mama Aikande nyuma yangu anarudia tu, "Aika mbe, aika mbe," ahsante, mzee. Wakarudi wakaingia. Mbege ikanywewa. Aikande akaposwa.

Na sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema nikiwa najisifu, na mimi kujisifu najua. Harusi yao ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Yule mzee, akitafuta mtu wa kumpakia nyumba yake Kibosho kabla watu hawajarudi nyumbani kwa Krismasi, akasema, "Niitieni yule kijana wa isale, kijana anayekubali kosa." Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Kutoka kwake nikapata ya jirani yake, kutoka kwa jirani nikapata ya parokia, na kutoka parokia mengine yote mnayajua. Nimewaambia watu miaka yote kwamba nilijijenga kwa mikono yangu hii miwili. Ni kweli kabisa. Ila msingi niliujenga juu ya sifa ya ukweli ambayo sikustahili.

Jumanne nilikwenda Kaloleni na suruali ya kazi. Kabla sijaondoka nilisimama kwenye fensi yangu mwenyewe, maana ninayo masale, nimeyapanda kuzunguka kiwanja chote, nikakata moja kwa kisu, chini kabisa, na kikonyo chake kirefu. Nikalifunga fundo, nikaliweka kwenye kiti cha gari, sijui kama nitalitoa. Mama Aikande nilimkuta sebuleni kwenye kochi, amekuwa mdogo, macho yamefunga ukungu kama mlima mwezi wa saba. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Sauti ya nani hiyo? Mtoto wa Meru?" Akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Umenenepa. Nani anakupa mfupa siku hizi?" Alikuwa hatimaye ameuza vocha kweli, miaka mingi, kwenye mlango ule ule, na kila ulipochuja alimwita fundi yeyote aurudishie nyekundu. Neema, binti mrembo mwenye simu mkononi, alinionyesha picha ya rangi anayoitaka: kijani cha jani la mgomba mchanga. Nikamwambia nyekundu ina tabia mbaya, ukipaka rangi nyingine juu yake bila kuikata kwa msasa inatokezea baada ya siku mbili. Nikapiga msasa tabaka baada ya tabaka mpaka nikakuta bluu ya madawati, mpaka nikakuta mbao. Aikande alikaa kwenye ngazi za mbele anachambua mchele, mvi mbili tatu, miwani, na tulizungumza habari za Venance, ambaye atafika Ijumaa kutoka Moshi, na ambaye mpaka leo, akasema, husimulia kwenye harusi za watu jinsi mlango ulivyompiga baba yake mkubwa.

Nilipofungua kopo la kijani na kumimina, sauti ya Mama ikatoka sebuleni. "Laza. Leo unachanganya na nini?" "Petroli, Mama." "Naisikia. Ile nyingine ilinuka jiko langu." Nikaacha kukoroga. Aikande akainua kichwa kutoka kwenye ungo. "Jiko gani, Mama?" Mama hakujibu, na mimi nilijua hatajibu, kwamba amenyamaza miaka yote hii na ameniachia nafasi ya kulisema mwenyewe. Nikaweka mti wa kukorogea chini. Nikamwambia Aikande yote, nimesimama, mikono imelegea. Kidumu. Petroli iliyokuwa chini ya kitanda. Maneno niliyoyasikia yakipita juu ya ukuta. Nilivyomwambia mama yake mlango umekauka. Nilivyomwona mzee akiegemea.

Aikande akaweka ungo chini. Uwanjani watu walikuwa wanafanya mazoezi, filimbi inapigwa. "Mimba yangu ya kwanza ilitoka," akasema. "Kabla ya Neema. Unajua nilikumbuka nini, pale hospitali? Ule mkono kwenye koti. Nikasema, tuliambiwa mlangoni, tukalazimisha. Miaka mingi, Laza, kila jambo likiharibika mimi nauona ule mkono. Mume wangu anacheka kwenye harusi, na mimi nacheka naye, huku nauona." Akavua miwani akaifuta kwa kanga. "Kumbe ilikuwa mafuta ya taa." Nikaenda kwenye gari nikarudi na isale, nikapiga magoti kwenye ngazi zile zile, goti sasa linalia, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Neema alikuwa ametoka na simu yake, akaona, akaishusha.

Aikande hakulipokea haraka. Alilitazama lile fundo, akatazama mwisho wa jani pale nilipokata. Kisha akalichukua, akaligeuza kama alivyofanya yule mzee. "Hili lina kikonyo," akasema. "Lina kikonyo," nikajibu. "Nitalipanda pale pembeni ya ngazi." Akarudisha miwani usoni. "Sikudanganyi kwamba nimekusamehe leo. Likishika, nitakupigia simu." Kisha akachukua ungo wake, akacheka puani, kidogo tu, kicheko ambacho mpaka leo sijui ni cha upande gani. "Maliza mlango, Laza. Na usiniambie umekauka. Nitaugusa mwenyewe."

Nilipaka mkono wa kwanza Jumanne na wa pili Alhamisi. Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa pale tena, nimebeba kiti changu, nikakaa mbele ya ule mlango wa kijani mpaka washenga wakafika. Mafundi wangu walipiga simu mara nne kutoka Elerai, Bosi uko wapi. Nikawaambia niko kazini. Aikande alitoka, akauwekea mlango kiganja chote, akakigeuza akakitazama, kikavu. Akaingia ndani. Pembeni ya ngazi, kwenye kopo la rangi lililojazwa udongo, lile jani lilikuwa limesimama, limelegea kidogo, bado halijasema chochote. Hii ni wiki ya tatu sasa tangu siku ile. Simu yangu naibeba hata nikiwa juu ya jukwaa.